Picha za Kiajemi: uanzie kwenye mswada au kwenye ukuta?

Anayetaka kuingia kwa dhati katika historia ya uchoraji wa Kiajemi, awe mwanafunzi, mwalimu wa sanaa, msafiri au mchoraji, hana budi kuchagua mlango. Mlango mmoja ni miswada, yaani vitabu vilivyoandikwa kwa mkono na kutiwa picha, vingi vya kati ya karne ya 13 na ya 17. Mwingine ni kuta: picha zilizochorwa juu ya lipu katika ikulu, nyumba, makaburi na hata makanisa, tangu kabla ya Uislamu hadi enzi za Wakajari, nasaba iliyotawala Iran hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Mara nyingi mafundi walikuwa walewale, lakini kazi hizi mbili husomwa kwa ujuzi tofauti, huharibika kwa njia tofauti, na gharama ya kuzifikia si moja.

Jibu fupi ni kwamba wengi waanze na miswada. Ina tarehe, ina majina, na sehemu kubwa inaonekana bure mtandaoni. Ila ajue tangu mwanzo kwamba miswada peke yake inapotosha. Vitabu vilibaki kwa sababu vilibebeka. Mfalme alipopinduliwa, ikulu yake iliachwa ibomoke au ipakwe upya, na maktaba yake ikafungashwa ikaenda kwa mshindi. Ndiyo sababu leo watu wakisikia uchoraji wa Kiajemi hufikiria kitu kidogo cha kushikwa mkononi, ilhali kwa karne nyingi picha kubwa zilikuwa ukutani.

Umri: hapa ukuta unashinda

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Rustam, shujaa wa Shahnama, utenzi mkubwa wa Kiajemi kuhusu wafalme na mashujaa. Huko Panjikent, katika Tajikistan ya leo, wanaakiolojia wa Kisovieti walichimbua nyumba ya tajiri wa Kisogdi yenye ukumbi uliochorwa Rustam akipanda farasi, akipambana na majitu na mashetani, yote juu ya mandhari ya buluu iliyokolea. Picha hizo ni za mnamo mwaka 740, na sasa ziko Makumbusho ya Hermitage, Saint Petersburg. Mshairi Firdausi alimaliza Shahnama yake mwaka 1010. Nakala ya zamani zaidi ya Shahnama iliyobaki ikiwa na picha pamoja na tarehe ilitengenezwa Shiraz mnamo 1330. Anayeanza na miswada basi anaikuta hadithi hiyo ikiwa imekwisha kuchorwa kwa karibu miaka 600. Ni kweli Wasogdi hawakuwa Waajemi hasa, bali walizungumza lugha ya jamii hiyohiyo ya Kiirani. Tofauti hiyo izingatiwe, lakini haiondoi ukweli kwamba mizizi iko ukutani.

Kuna na zingine. Ukumbi wa Afrasiab huko Samarkand ni wa karne ya 7, uligunduliwa mwaka 1965, na kuta zake zinaonyesha wajumbe wa mataifa mbalimbali wakija kwa mfalme Varkhuman. Nishapur ilichimbwa na Makumbusho ya Metropolitan ya New York kati ya 1935 na 1940, na humo kukapatikana mwindaji juu ya farasi akiwa na ndege wa kuwindia. Katika ikulu ya Waghaznawi ya Lashkari Bazar, Afghanistan, kulikuwa na safu ya walinzi waliochorwa kuzunguka chumba cha kiti cha enzi, karne ya 11. Mswada wa fasihi ya Kiajemi unaohesabiwa kuwa wa zamani zaidi wenye picha ni Warqa na Gulshah, wa nusu ya kwanza ya karne ya 13, ulioko Makumbusho ya Topkapi, Istanbul. Basi kama swali lako linahusu chochote kilichotangulia mwaka 1200, chaguo limekwisha kufanywa na historia: nenda kwenye kuta.

Baada ya 1300 mizani inageuka. Rashid al-Din, waziri wa watawala wa Kimongoli wa Iran, alianzisha mtaa wake wa wanazuoni na mafundi nje ya Tabriz, akaagiza katika hati ya wakfu kwamba vitabu vyake vinakiliwe kila mwaka, nakala moja ya Kiarabu na moja ya Kiajemi. Vipande vya historia yake ya ulimwengu, vya mwaka 1314 hivi, viko Chuo Kikuu cha Edinburgh na katika mkusanyiko wa Khalili. Kuanzia hapo miswada inafuatana karibu bila pengo, huku kuta zikinyamaza. Kuta za Timur na wajukuu wake zilizochorwa watu na vita tunazisoma kwa waandishi wa zama zao, wala hatuzioni. Cha ajabu ni kwamba ushahidi mzuri wa kuta za karne ya 15 uko ndani ya vitabu: ukitazama vyumba vilivyochorwa katika miswada ya Herat, utaona nyuma ya watu kuta nyeupe zenye miti, ndege na wanyama kwa rangi ya buluu.

Ukuta ulikuwa rahisi kufutwa, na watu walilijua hilo. Mwanahistoria Bayhaqi anasimulia jinsi Masud, mwana wa Sultani Mahmud wa Ghazni, alivyokuwa na chumba cha mapumziko huko Herat kilichochorwa picha za mapenzi. Aliposikia kwamba baba yake anatuma mtu kukikagua, aliamuru kuta zipigwe lipu na kusafishwa kana kwamba hapakuwahi kuwa na picha. Mkaguzi hakukuta kitu.

Jinsi kila kimoja kinavyotengenezwa

Picha ya mswada haikuanza na mchoraji. Ilianza na karatasi ya matambara ya kitani au katani, iliyopakwa maji ya wanga au ute wa yai, ikakauka, kisha ikasuguliwa kwa jiwe la akiki hadi ing'ae. Bila hatua hiyo wino hunyonywa na mstari mwembamba huvimba. Kisha karatasi ililazwa juu ya kifaa kiitwacho mistar, ubao wa karatasi ngumu uliotungwa nyuzi, ikabonyezwa ili ibaki na alama za mistari bila wino. Mwandishi wa hati ndiye aliyetangulia kuandika, akiacha nafasi ya picha. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa katika karakana, na hadhi yake ilizidi ya mchoraji kwa muda mrefu. Ukiona picha yenye umbo la ajabu, labda ngazi mbili upande wa kushoto, usitafute sababu ya kisanaa kwanza. Hesabu beti zilizoachwa.

Mchoraji alihamisha mchoro kwa kutoboa tundu ndogo kwenye ngozi nyembamba au karatasi, akaupitishia unga wa mkaa. Kwa njia hii umbo la farasi au la mpiganaji lilitumika tena na tena, likigeuzwa kulia au kushoto. Baada ya hapo ndipo zilikuja rangi, kwa tabaka: kwanza maeneo mapana, kisha mipaka, na uso wa mtu mwishoni. Brashi ilikuwa ya manyoya ya paka au ya mkia wa kindi, yamefungwa ndani ya shina la unyoya wa ndege. Rangi zilisagwa kutoka kwenye madini na mimea: buluu ya lajevardi kutoka machimbo ya Badakhshan, zingefuri kwa nyekundu, njano ya zarniki, kijani cha kutu ya shaba, nyeupe ya risasi, nili. Zilishikwa kwa gundi ya mgunga. Dhahabu ilisagwa kuwa unga pamoja na gundi, ikapakwa kwa brashi, ikasuguliwa. Mwishoni mnakshi alipamba vichwa vya sura, mwingine akachora mistari ya fremu kuzunguka maandishi, na fundi wa majalada akafunga.

Karakana hii, kitabkhana, haikuhudumia vitabu tu. Ripoti ya kazi iliyoandikwa Herat katika miaka ya 1420 au karibu na hapo kwa ajili ya mwanamfalme Baysunghur, inayohifadhiwa katika albamu ya Topkapi, inaorodhesha miswada inayoendelea bega kwa bega na mahema na tandiko la farasi. Michoro ilitoka meza moja, ikaenda kwenye karatasi, kitambaa, vigae na ukuta. Kwa hiyo hoja ya kwamba ukuta na mswada ni mila mbili tofauti haina msingi. Tofauti iko katika uso unaochorwa.

Na uso wa ukuta una mambo yake. Tabaka la chini ni udongo uliochanganywa na makapi, ambayo huzuia nyufa wakati wa kukauka. Juu yake huja jasi, ile ambayo madukani huitwa jipsamu, nyembamba na laini. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, aliyezoea chokaa ya matumbawe, asizichanganye. Jasi iliyokorogwa na maji huganda ndani ya dakika chache, na fundi wa Kiajemi aliishinda kwa kuikoroga mfululizo huku akiongeza maji hadi ikapoteza nguvu ya kuganda haraka. Jasi hiyo "iliyouliwa" hukauka polepole, huwa nyororo, na haina ugumu mwingi.

Jambo hili lina matokeo makubwa. Katika ufundi wa Italia rangi hupakwa juu ya chokaa mbichi, nayo chokaa huimeza ikawa sehemu ya ukuta. Kwenye jasi iliyokauka hakuna kitu kama hicho. Rangi hukaa juu kwa nguvu ya gundi pekee. Hasara yake ni kwamba maji yakifika, gundi hulainika na picha humomonyoka. Faida yake ni kwamba jasi haina ukali wa chokaa, na kwa hiyo nili na rangi nyingine zinazochomwa na chokaa mbichi ziliweza kutumika. Fundi wa ikulu ya Isfahan alikuwa na rangi nyingi zilezile za mchoraji wa kitabu, na ndiyo maana kuta zake zinang'aa kama ukurasa. Palipotakiwa dhahabu yenye uzito, ua au mstari uliinuliwa kwanza kwa bandiko zito, kisha ukafunikwa kwa karatasi ya dhahabu. Taa ikipita kando yake unaona kivuli.

| | Mswada | Ukuta |
|---|---|---|
| Uso | karatasi iliyosuguliwa | jasi juu ya udongo na makapi |
| Kinachoshika rangi | gundi ya mgunga | gundi, juu ya lipu kavu |
| Adui mkubwa | kijani cha shaba, wauzaji | maji, chumvi, lipu mpya |
| Tarehe | mara nyingi imeandikwa mwishoni | hukisiwa kwa jengo na mtindo |
| Umbali wa kutazama | sentimita 30 | mita kadhaa, shingo juu |

Kinachoharibika, na unavyokitambua

Anayesoma miswada ajifunze kwanza magonjwa ya rangi, la sivyo atasifu kasoro. Kijito cheusi kinachopita katikati ya bustani hakikuchorwa cheusi. Kilikuwa fedha, ikapata kutu. Nyuso zenye madoa ya kijivu ni nyeupe ya risasi iliyobadilishwa na hewa yenye salfa. Kijani cha kutu ya shaba ndicho kibaya zaidi, kwa kuwa hula karatasi yenyewe. Inaanza kahawia upande wa pili wa ukurasa, kisha karatasi inakatika. Mistari ya fremu ilipochorwa kwa rangi hiyo, maandishi yote ya katikati hudondoka kama kipande kilichokatwa kwa kisu. Mafundi walilijua tatizo hili, na mapishi yao ya zamani yanataja zafarani ndani ya kijani hicho, kitu ambacho majaribio ya kisasa yameonyesha kuwa kinapunguza madhara.

Lakini hasara kubwa ya miswada haikuletwa na kemia. Imeletwa na biashara. Shahnama kubwa ya Kimongoli, iliyotengenezwa yamkini Tabriz katika miaka ya 1330, ilifika Paris mwanzoni mwa karne ya 20 kwa mfanyabiashara Georges Demotte. Aliposhindwa kuiuza nzima aliivunja. Karatasi zilizokuwa na picha pande zote mbili alizipasua katikati ya unene wake ili apate bidhaa mbili, na baadhi ya picha zikabandikwa kwenye maandishi yasiyo yake. Picha zisizofika 60 zimebaki, zimetawanyika katika makumbusho mengi. Ukisoma ubeti ulio juu ya picha ya kitabu hicho ukaona haulingani na tukio, usidhani mchoraji hakuelewa shairi.

Shahnama ya Shah Tahmasp ilikumbwa na jambo kama hilo. Ilikuwa na karatasi 759 na picha 258, ikatolewa zawadi kwa Sultani Selim II wa Uthmani mwaka 1568, ikakaa salama Istanbul kwa karne tatu. Mwaka 1959 ilinunuliwa na Mmarekani Arthur Houghton, ambaye aliitoa kurasa: picha 78 zikaenda Metropolitan, nyingine sokoni. Mwaka 1994 kilichobaki, pamoja na picha 118, kilirudi Tehran kwa kubadilishana na mchoro wa Willem de Kooning uliokuwa huko. Mwaka 2011 ukurasa mmoja uliuzwa mnadani London kwa pauni milioni 7.4. Bei hizo ndizo zinazofanya visu viendelee kunolewa.

Ukuta hauibiwi kwa urahisi, ila hufa mahali pake. Jasi huyeyuka kidogo ndani ya maji, kama gramu 2 kwa lita, na paa linalovuja kwa majira machache linatosha kuacha shimo. Unyevu unaopanda kutoka chini huleta chumvi. Chumvi ikikauka nyuma ya rangi huota fuwele na kuisukuma ibanduke kama magamba. Mitetemeko nayo imo: minara ya makaburi ya Kharraqan, ya karne ya 11, yenye tausi na taa zilizochorwa ndani, iliumizwa na tetemeko la 2002. Kisha kuna mkono wa binadamu. Katika ikulu ya Chehel Sotun, Isfahan, baadhi ya picha zilifunikwa kwa lipu katika enzi za Wakajari na zikafichuliwa karne ya 20. Timu ya Kiitaliano ya taasisi ya IsMEO ilifanya kazi kubwa ya ukarabati hapo na katika ikulu jirani ya Ali Qapu kuanzia miaka ya 1960, na mradi huo ukapewa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu mwaka 1980. Unapotazama ukuta kama huo, jiulize kila mara: rangi hii ni ya Msafawi (wa nasaba iliyojenga ikulu hizi), ya Mkajari, au ya mkarabati?

Tarehe, majina, na sahihi za kughushi

Kwa mtu anayejenga mfuatano wa historia, mswada hauna mpinzani. Ukurasa wa mwisho mara nyingi hutaja mwandishi, mji na mwaka. Nakala ya mashairi ya Khwaju Kirmani iliyoandikwa Baghdad mwaka 1396, sasa ikiwa Maktaba ya Uingereza, London, ina mwandishi wa hati anayejulikana, Mir Ali Tabrizi, na sahihi ya mchoraji Junayd ndani ya picha, ambayo huhesabiwa miongoni mwa sahihi za kwanza za uhakika. Shahnama ya Baysunghur ni ya Herat, 1430, na iko Kasri la Golestan, Tehran. Bustan ya Saadi yenye picha zilizotiwa sahihi na mchoraji Bihzad ni ya 1488, iko Cairo. Ukivishika vitabu hivi vitatu, ukaongeza vipande vya Rashid al-Din vya 1314, Shahnama ya Tahmasp ya miaka ya 1520 na 1530, na Haft Awrang, mswada wa mashairi ya Jami wa 1556 hadi 1565 ulioko Makumbusho ya Freer, Washington, tayari una uti wa mgongo.

Tahadhari moja: tarehe ni ya maandishi. Picha inaweza kuongezwa baadaye. Khamsa ya Nizami ya Shah Tahmasp, ya 1539 hadi 1543, ilipata picha za ziada za mchoraji Muhammad Zaman zaidi ya karne moja baadaye, zenye vivuli na mandhari ya Kizungu. Na jina la Bihzad limebandikwa kwenye picha nyingi kuliko ambazo mtu mmoja angeweza kuchora. Sahihi yake ya kweli katika Bustan ya Cairo imefichwa ndani ya mapambo ya picha, kwa maandishi madogo. Jina kubwa lililoandikwa pembeni kwa wino tofauti ni la mwenye maktaba au la muuzaji.

Ukutani hali ni ngumu zaidi. Chehel Sotun ilikamilika mwaka 1647 chini ya Shah Abbas II, lakini ukumbi wake una picha ya vita vya Karnal, vya Nadir Shah huko India, vya 1739. Hesabu yenyewe inakuambia kwamba picha hiyo si ya wajenzi. Ile ya vita vya Chaldiran nayo ni nyongeza ya baadaye, ingawa tukio lake ni la 1514. Nani kati ya Wasafawi angechora ukutani kwake kipigo alichopewa na Waothmani? Picha za mapokezi, Tahmasp akimkaribisha Humayun, mfalme wa Wamughal wa India, mwaka 1544 na Abbas I akimkaribisha Vali Muhammad Khan, mtawala wa Bukhara, mwaka 1611, ndizo za kuzisoma kama siasa ya karne ya 17: Shah ni mwenyeji, jirani ni mwomba hifadhi. Mchoraji wake hakuandika jina. Anayetaka wasifu wa wasanii hatashiba kwenye kuta.

Kinachoonekana kwa jicho

Mswada umetengenezwa kusomwa. Mstari wa upeo uko juu sana, matukio yamepandishwa moja juu ya jingine, na kila kitu kiko wazi, cha karibu na cha mbali sawasawa. Katika picha iitwayo Baraza la Gayumars, ya mchoraji Sultan Muhammad, kutoka Shahnama ya Tahmasp, miamba ina nyuso za watu na wanyama ambazo hutaziona mpaka ukaribie. Karatasi nzima ni kama sentimita 47 kwa 32 tu. Usiitazame kama bango. Kuza sehemu moja baada ya nyingine, ukianzia pale ubeti unapogusa picha.

Ukuta hauna subira hiyo. Lazima ushike macho ya mtu anayeingia mlangoni: Shah katikati, wageni pembeni, wacheza ngoma mbele, mtungi wa mvinyo mahali unapoonekana. Katika picha kubwa za Isfahan vivuli vinaanza kuzipa nyuso uzito, athari ya michoro ya Ulaya iliyokuwa ikifika mjini. Waarmenia wa Julfa Mpya, mtaa wao huko Isfahan, walikuwa kiungo kimojawapo. Kanisa la Vank, lililojengwa upya kati ya 1655 na 1664, lina kuta zilizojaa matukio ya Biblia kwa mtindo huo wa mchanganyiko.

Utavifikia wapi, kwa gharama gani

Miswada: anza na tovuti za Metropolitan na Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Asia, Washington, ambako Freer iko. Picha zake nyingi ni za bure kupakua kwa ukubwa unaotosha kuhesabu nywele za ndevu. Usitegemee maktaba moja: Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa kimtandao Oktoba 2023, na miswada yake ya kidijitali ikatoweka mtandaoni kwa muda mrefu. Walioko Ghuba wana Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu, Doha. Walioko Kanada wana Makumbusho ya Aga Khan, Toronto, ambako Baraza la Gayumars limehifadhiwa. Kabla ya kukata tiketi, uliza kama ukurasa unaoutaka uko ukumbini. Karatasi hizi huonyeshwa kwa mwanga hafifu, kama luksi 50, kwa miezi michache, kisha hurudishwa gizani kwa muda mrefu. Watu husafiri, wakakuta mahali pake pana kitu kingine.

Kuta hazizungushwi. Ukifika zipo. Tatizo ni kufika: Isfahan inategemea visa na hali ya usalama, Samarkand ni rahisi zaidi, na vipande vya Panjikent vinataka Saint Petersburg. Beba darubini ndogo ya mkono, maana picha kubwa za Chehel Sotun ziko juu ya kichwa. Usitumie mweko wa kamera. Picha za mtandaoni za kuta ni dhaifu: zimepigwa kutoka chini, zimepinda, na rangi hubadilika kati ya tovuti moja na nyingine. Hapa hakuna njia ya mkato; ukuta unasomwa ukiwa umesimama mbele yake.

Kwa anayetaka kuchora kwa mkono wake

Anza na karatasi, bila mjadala. Kosa la karatasi linagharimu ukurasa. Kosa la lipu linagharimu wiki. Chukua karatasi ya pamba ya gramu 200 au zaidi kwa mita ya mraba. Pika wanga gramu 50 kwa lita moja ya maji, paka upande mmoja, acha ikauke kabisa, kisha sugua kwa akiki juu ya kioo. Ukisugua ingali na unyevu, itachunika. Gundi ya mgunga loweka gramu 10 katika mililita 20 za maji usiku mzima, chuja kwa kitambaa. Changanya na rangi kidogo kidogo, paka, na ikikauka pitisha kidole: ikitoka unga, gundi ni haba, ikimeta na kupasuka, imezidi. Nyeupe ya risasi, zarniki na zingefuri ziache kwa watafiti, kwa kuwa zina risasi, aseniki na zebaki. Titani nyeupe na rangi salama za dukani zinatosha kujifunzia.

Ukishazoea, tengeneza kigae cha majaribio cha sentimita 30 kwa 30: udongo na makapi kwa unene wa sentimita 2, subiri ukauke, jaza nyufa, kisha jasi iliyokorogwa muda mrefu, milimita 3 kwa tabaka mbili. Acha ikauke hadi isiwe baridi ukigusa kwa mgongo wa mkono. Paka gundi ya ngozi nyepesi, sehemu moja kwa 15 za maji, ndipo uchore. Ukipaka rangi juu ya jasi yenye unyevu, itaota ukungu au itabanduka. Ukiruka gundi ya chini, jasi itanyonya rangi na kuacha mabaka.

Chagua kwa swali lako

Mwanafunzi wa historia anayehitaji mfuatano: miswada, kwa orodha ya hapo juu. Anayechunguza asili ya hadithi za mashujaa au Asia ya Kati kabla ya Uislamu: Panjikent na Afrasiab. Anayesoma siasa, itifaki na usanifu wa ikulu: Chehel Sotun kwanza, vitabu baadaye. Mwalimu mwenye wanafunzi na projekta: miswada, kwa sababu ya picha bora. Anayependa sanaa ya watu wa kawaida hatafaidi sana kwenye kimojawapo kati ya hivi viwili. Amtafute Hossein Qollar-Aqasi na Mohammad Modabber, wachoraji wa karne ya 20 waliochora Karbala na Rustam kwa rangi ya mafuta juu ya turubai kubwa za kutundikwa mikahawani, wasimulizi wakizitumia kuhadithia.

Kwa anayesitasita bado, Isfahan ya karne ya 17 inaruhusu kuvishika vyote viwili. Tafuta kurasa za pekee za mchoraji Reza Abbasi, aliyefariki 1635: kijana ameketi, kilemba kimelegea, mkono umeshika kikombe, mstari unanenepa na kukonda kwa kila mkunjo wa nguo. Ziweke kando ya picha ndogo za chini katika ukumbi wa Chehel Sotun, zile za watu bustanini, chini ya matukio makubwa ya wafalme. Linganisha mambo matatu: unene wa mstari, mkao wa shingo, na jinsi mkanda wa kiunoni unavyoning'inia. Utaona ni mambo gani ya ukurasa yaliyopanda ukutani, na yapi fundi alilazimika kuyaacha alipobadilisha brashi ya kindi kwa brashi pana.